Ziwa Albert na Sisi Wenye Mitumbwi Midogo

 

Mwezi huu ukurasa wetu wa safari hauendi mbali. Haufiki Kampala wala Kinshasa. Tunashuka mlima tu mpaka ziwani, kwa sababu vijana wetu wengi wanashuka huko kutafuta samaki na vibarua. Wengine wanarudi na pesa kidogo na samaki wa kitoweo. Lakini mara kwa mara inarudi habari mbaya: mtumbwi umegongwa usiku, mtumbwi umepinduliwa na wimbi la boti, mtoto amepitiwa na boti akiogelea mwaloni. Sisi walimu wa kujitolea tumeona afadhali jambo hili tuliandike, mlisome nyumbani kwa sauti, hata bibi asiyejua kusoma asikie.

ZIWA LENYEWE

Ukitoka huku kwetu juu, nchi inakwenda sawa sawa, mashamba ya mahindi na maharage, halafu ghafla inakatika. Hapo ndipo ukuta wa Bonde la Ufa. Barabara inainama, joto linaongezeka, na chini unaona maji mengi meupe kama bati jipya. Ng'ambo yake, siku isiyo na ukungu, unaona milima ya kwetu Kongo, imekaa ya buluu. Wengi wetu tukifika hapo tunasimama kidogo bila kusema kitu. Kila mtu anajua anaangalia nini.

Banyoro wanaliita Mwitanzige, yaani muua nzige. Mwingereza Samuel Baker alilifikia mwaka 1864 akalipa jina la Albert, mume wa malkia wao. Mwaka 1973 upande wa Zaire likaitwa Mobutu Sese Seko, na jina hilo nalo likapita. Majina yanabadilika, maji ni yale yale. Urefu wake ni kama kilometa 160, upana wake kama 30. Mto Semliki unaingia kusini. Kaskazini Mto Naili unaingia ukitoka Ziwa Victoria, na hauchelewi, unatoka tena kuelekea Sudan Kusini.

Jambo moja la kukumbuka: ziwa hili si la kina kirefu. Mahali penye kina zaidi hapazidi sana meta 50. Mtu anaweza kufikiri ni salama zaidi kwa sababu hiyo. Kumbe sivyo. Maji yasiyo na kina, upepo ukiyapiga, yanatoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, moja linafuata lingine bila kukupa nafasi ya kupumua. Na upepo wenyewe unashuka kutoka milimani pande zote mbili, mara nyingi bila kutuma barua. Asubuhi ziwa limelala, mchana limeamka na hasira.

WATU WA MAJINI

Alfajiri ndiyo saa ya kwenda kuliangalia ziwa kama unataka kulijua. Pale Sebagoro, kabla jua halijatoka nyuma ya mlima, mwalo umeshajaa. Boti za uvuvi zinarudi. Wamama wanangoja na mabeseni. Wengine wanafua, wengine wanachota maji kwa jerikani, watoto wanaruka majini uchi wakicheka. Na katikati ya hao wote boti inaingia na injini yake, kwa sababu kila mwenye samaki anataka kufika wa kwanza kabla bei haijashuka.

Baadaye unaona boti za biashara, ndefu, zimepakia magunia, mbuzi, magodoro na watu, zinavuka kwenda Tchomia, Kasenyi au Mahagi. Unaona boti za doria za askari wa Uganda upande huu, na ukienda mbali unakuta za Kongo upande ule. Mpaka upo katikati ya maji lakini hauonekani kwa macho. Halafu kuna mitumbwi, mingi sana, ya mtu mmoja au wawili, kafi mkononi, ndoano au nyavu ndogo ndani, inatembea pole pole karibu na nchi kavu. Hiyo ndiyo ya vijana wetu.

Usiku ziwa linageuka mji. Usiku wa giza usio na mwezi, wavuvi wa samaki wadogo, muziri na ragoge, wanawasha taa ili samaki waje kwenye mwanga. Ukiwa juu ya mlima unaona taa mamia, utafikiri ni Bunia imeshuka majini. Inapendeza kuangalia. Lakini kwa mwenye mtumbwi usio na taa, katikati ya huo mji hakuna barabara, hakuna polisi wa kuongoza, na kila mtu anaangalia taa yake tu.

Basi tunataka kusema jambo moja, na mengine yote katika ukurasa huu yanatoka hapo: mwenye kafi haonekani. Akishalijua hilo, atajilinda. Asipolijua, anangoja kulindwa na mtu ambaye hajui hata kama yeye yupo.

KWA NINI HUONEKANI

Si kwamba manahodha wote ni wabaya. Wapo wakorofi, hilo tunalijua, na anayegonga mtu akakimbia ametenda kosa kubwa mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini fikiria amekaa wapi. Mwenye injini anakaa nyuma kabisa, mkono kwenye mpini wa injini. Boti ikishika mwendo, sehemu ya mbele inanyanyuka juu. Mbele yake kuna magunia, kuna abiria waliosimama, kuna turubai. Maji yaliyo karibu mbele ya boti hayaoni kabisa. Na kwa ile kelele ya injini, hata ukipiga ukelele hasikii.

Wewe nawe umekaa chini, mtumbwi wako uko juu ya maji kiasi cha shubiri mbili. Wimbi likija unazama nyuma yake, likipita unatokea, linakuja lingine unapotea tena. Jua likiwa nyuma yako jioni, maji yote yanawaka na wewe ni doa jeusi tu. Ukiwa umevaa shati la kijivu ndani ya mtumbwi wa rangi ya mti, umejificha bila kutaka.

Darasani tulifanya hesabu hii na wanafunzi, nanyi ifanyeni na watoto nyumbani. Boti inayokwenda kilometa 20 kwa saa inakula meta 333 kila dakika. Mtumbwi wa kafi unaokwenda kilometa 4 kwa saa unakwenda meta 67 kwa dakika. Sasa boti iko meta 500 kutoka kwako, unaiona ndogo tu, unasema bado iko mbali. Ina dakika moja na nusu kukufikia. Katika muda huo wewe umeweza meta 100 tu, tena kama hukuchoka na upepo haukupingi. Na kama nahodha amekuona kwenye meta 100 ndiyo mara ya kwanza, amebakiwa na sekunde 18. Wanafunzi walinyamaza walipopata jibu hilo. Ndiyo maana tunasema, amua mapema.

KANUNI ZA MAJINI

Kuna kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilipitishwa mwaka 1972, na manahodha wa meli dunia nzima wanazisoma. Zilitungwa kwa ajili ya bahari na maji ambayo meli za baharini hupita. Lakini hekima yake inafaa hata kwetu, na mambo manne humo yanamhusu mwenye kafi.

La kwanza, kila chombo, kikubwa na kidogo, lazima kiangalie kwa macho na kusikiliza kwa masikio saa zote. Kwa hiyo mtumbwini hakuna redio kubwa ya muziki, hakuna simu masikioni. Mkiwa wawili, mmoja anatega nyavu na mwingine anaangalia ziwa. Mkipiga kafi, kila baada ya muda geukeni mwangalie nyuma, maana boti nyingi zinamkuta mtu kutoka nyuma.

La pili, chombo cha makasia usiku kinatakiwa kuwa na tochi au taa nyeupe tayari, ya kuonyesha mapema kabla hamjagongana. Tayari maana yake mkononi au shingoni, siyo ndani ya mfuko chini ya nyavu. Ukiona boti inakuja, usimmulike nahodha machoni kwa muda mrefu, utamtia upofu. Mwonyeshe taa, kisha jimulike mwenyewe, mulika nguo yako, kafi lako na mtumbwi wako, ajue hapo ni mtu.

La tatu, ukikwepa, kwepa mapema na kwepa sana, mwenzako aone umefanya nini. Kugeuza kidogo kidogo kunamchanganya. Vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kinageuka kuume kwake. Na ukisikia meli inapiga honi fupi tano au zaidi mfululizo, haikusalimii. Inasema haielewi unataka kufanya nini na inaona hatari.

La nne linawashangaza wengi. Vijana husema: mimi sina injini, ni lazima anipishe. Hakuna kanuni humo inayosema mwenye kafi apishwe siku zote. Na hata kama ingekuwepo, haki haielei. Ukiwa na haki na mtumbwi umevunjika vipande viwili, haki hiyo watakuja kuisoma wengine.

NAMNA YA KUPITA

Wavuvi wazee wanajua kipimo kizuri cha kutambua hatari. Ukiona boti inakuja kwa mshazari, usibadilishe mwelekeo wako, nyoosha kafi uielekezee hiyo boti. Subiri kidogo, angalia tena. Ikiwa boti imesogea mbele ya kafi au nyuma yake, mtapishana. Ikiwa bado iko pale pale kwenye ncha ya kafi, na inazidi kuwa kubwa, mnakwenda kukutana. Simama, au geuka, na usingoje.

Usikate njia mbele ya boti. Kata nyuma yake, ikishapita. Kijana anaona aibu kungoja, anataka kuonyesha mkono wake una nguvu. Dakika mbili za kungoja hazijawahi kumlaza mtu njaa.

Boti ikishapita, kazi haijaisha. Inaacha mawimbi, na hayo ndiyo yanapindua mitumbwi mingi hata bila kugongwa. Usiyaache yakupige ubavuni. Elekeza mbele ya mtumbwi kwenye mawimbi, kwa mshazari mdogo, kaa chini, magoti yameachana, kafi liwe majini. Hakuna kusimama, hakuna kushika ukingo wa upande mmoja wote wawili.

Usishike boti inayotembea, hata kama nahodha ni rafiki yako na anataka kukuvuta bure. Mtumbwi unavutwa chini ya ubavu wa boti, na nyuma kuna pangaboi. Vivyo hivyo kwa wanaouza samaki boti kwa boti: injini izimwe kwanza, ndipo mkaribiane.

Ukikutana na doria, acha kupiga kafi, mikono ionekane, ongea pole pole. Anayekimbia anakatiza mbele ya boti yenye kasi kuliko zote ziwani. Ukiwa na karatasi zako sawa na nyavu zako ni halali, una la kujibu. Kama huna, ni heri kushtakiwa ukiwa hai.

Usiku, zunguka taa za wavuvi kwa mbali. Chini ya kila taa kuna nyavu na kamba ambazo huzioni. Kafi likinaswa, mtumbwi unageuka ubavu, na hapo hapo anaweza kutokea wa injini. Mwanga wa taa pia unakuacha kipofu kwa muda ukishaupita, kwa hiyo pumzisha macho kwanza.

VITU VYA KUWA NAVYO

Jaketi la kuokolea ndilo la kwanza. Tunajua bei yake, na tunajua kibarua cha siku kinalipa nini. Lakini wazazi, kijana anayepata pesa ya simu anaweza kupata ya jaketi kidogo kidogo, na vijana wawili wanaweza kuchangia wakalivaa kwa zamu anayekwenda. Livaliwe, lisikaliwe kama mto. Majini mtumbwi ukishapinduka hakuna muda wa kufunga vifungo.

Asiye nalo kabisa asiende bila kitu. Jerikani tupu ya lita 20 iliyofungwa vizuri kifuniko inaelea na kumshikilia mtu. Ifungwe kwa kamba ndani ya mtumbwi, isipeperuke. Hailingani na jaketi, maana ukichoka mikono unaiachia, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Na ile ya njano inaonekana mbali.

Filimbi shingoni, kwa sababu sauti ya mtu inakwisha. Kopo la kuchotea maji. Kafi la pili. Bapa la kafi lipakwe rangi nyeupe: kila likinyanyuka linamweka mtu wazi hata kwa mbali. Shati la rangi kali, jekundu au la machungwa. 

Mkipinduka, kaeni na mtumbwi. Mti unaelea. Usidanganyike kuogelea kwenda nchi kavu kwa sababu unaiona. Majini kila kitu kinaonekana karibu. Mtumbwi uliopinduka unaonekana na boti inayopita, kichwa cha mtu hakionekani.

NA SISI ABIRIA, NA SISI WAZAZI

Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyojaa wakimbizi wa Kikongomani waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka upande huu wa Uganda ilipinduka katika ziwa hili. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto. Kuna nyumba hapa Kyangwali ambazo hazihitaji kusimuliwa. Mwaka 2018 vita vya Ituri vikatuleta maelfu, wengi kwa mitumbwi na boti za uvuvi zilizojaa kupita kiasi, na wengine hawakufika. Kwa kafi peke yake, kilometa 30 ni zaidi ya saa saba bila kupumzika. Anayekimbia risasi hachagui chombo, na hatuandiki haya kumlaumu marehemu yeyote.

Lakini leo, kwa safari za kawaida za biashara, kuzika, au kusalimia ndugu, tunao muda wa kuchagua. Boti ikiwa imezama karibu na ukingo kwa uzito, shuka. Nahodha akiwa amekunywa, shuka. Mawingu yakiwa meusi juu ya milima, lala mwaloni, uvuke kesho. Mtu mmoja akishuka, wengine wanapata moyo wa kushuka.

Wamama na watoto wa mwaloni, tengeni mahali pa kufua na kuogelea mbali na mahali boti zinapoingilia. Hata mawe manne na bendera ya kitambaa yanatosha kuweka alama, na viongozi wa mwalo wakiombwa kwa heshima hawakatai. Mtoto asiogelee kuifuata boti inayoingia, hata kama inarusha samaki wadogo.

Tunasikia watu wakisema ajali haina kinga, na wengine wanaongeza kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Maneno hayo yanafaa kumfariji aliyefiwa. Hayafai kumwambia kijana anayejiandaa kwenda majini. Huyo aulizwe: tochi iko wapi, jaketi liko wapi, unakwenda na nani, unarudi saa ngapi? Asipokuwepo saa hiyo, nani wa mwaloni tumpigie? Kila mzazi aandike namba mbili za watu wa mwaloni, aziweke mahali ambapo kila mtu nyumbani anazijua. Kijana anayeulizwa kila mara anazoea kujiuliza mwenyewe, hata akiwa peke yake katikati ya ziwa.

 Mwenye elimu ya kafi kuliko sisi, hasa wazee wa Tchomia na Kasenyi mlio kati yetu, mje shuleni siku yoyote jioni mwafundishe watoto. Tutawapa kiti na tutanyamaza tusikilize. Mungu awalinde walio majini.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.